Miguu ya Rangi Nyeupe

Musiniletee mambo ya huruma. Watu wa Bunia wananionaka napita na tenue yangu ya polisi, kofia imelala vizuri, buti inang'aa, wanasema: yule njo Monitrice Emérance, mwalimu wa risasi, bibi ya dix sur dix, kumi ku kumi. Miye naitikia, nawapungia mukono, naendelea na njia yangu. Mutu mwenye hajatwanga mawe ya Mongbwalu asinifundishe namna ya kuishi.

Miye nilitwanga miaka saba. Wanaume wanachimba, wanaleta mawe, na siye wanawake tunayatwanga ndani ya kinu ya chuma mpaka inakuwa unga, halafu wenyewe wanaosha wanatafuta zahabu. Mukono unapanda, mukono unashuka, tangu asubuhi mpaka jua iende. Ile kazi iliniachia zawadi moja. Bega yangu ya kuume inaruka yenyewe. Hata nakunywa chai inaruka. Muweke ile bega mu akili, kwani hii habari yote inatokea kule.

Ile nafasi ya tenue ilikuja wakati nilikuwa nimechoka kabisa. Inje ya Bunia, ku barabara ya Marabo, kuko centre moja yenye inafundisha polisi. Jina yake naiacha, watu wangali wanakula kule. Walichukua watu kumi na mbili. Sheria ilikuwa moja, na walituambia siku ya kwanza kabla hata ya kutupa maji ya kunywa: kisha miezi ine commission ya wakubwa inakuja kutupima, na kila mutu anapiga risasi kumi mu cible yake, ile karatasi yenye duara nyeusi katikati. Ukiingiza sita, tenue inabaki yako. Ukikosa sita, unaivua palepale na unarudi kwenu. Mara ya pili hakuna.

Miye nilijua kwetu ni wapi. Kwetu ni kinu.

Alphonsine naye alijua kwao. Alikuwa Mu-Alur wa upande wa Mahagi, ku ziwa, mujane, na mutoto moja alibakia na nyanya yake. Alikuwa na miaka ishirini na tisa, na centre haichukuake mutu wa miaka makumi tatu. Kama anakosa, hakuna mwaka ingine itamungojea. Siye wawili tulilipia chumba kimoja mu quartier Ngezi, kitanda kimoja, mbabula moja ya kupikia. Kila posho yenye kutoka kwao, samaki kavu ao unga, aliipasua mara mbili bila miye kuomba. Siku bega yangu inaniuma, alikuwa anatia mafuta ya mawese ku moto kidogo na ananikandakanda akiimba nyimbo za kanisa. Nitasema kweli: ule wema ulikuwa unanichosha. Mutu anakutendea muzuri kila siku, mwisho unaanza kumuchukia bila sababu.

Mwalimu wa risasi alikuwa Adjudant Mbuyi, Mukasai moja mufupi, sauti yake kubwa kupita mwili yake. Alikuwa amekata mbao kumi na mbili na kuzipigilia misumari ku boriti moja ndefu, zote mu mustari, na juu ya kila ubao alichora miguu mbili na rangi nyeupe. Alichora kwa kufwata miguu yake mwenyewe. Ya kushoto mbele, ya kuume nyuma. Promotion yenye ilitutangulia, ile kundi ya mbele yetu, commission ilipiga foto ya ule mustari, mukubwa moja akasema haijaonekanaka mustari kunyooka vile mu Ituri muzima. Tangu ile siku Adjudant alipenda ile miguu ya rangi kuliko watoto wake.

"Mwili yenye adabu inasimama humu," alisemaka, na anapiga ubao na fimbo. "Mwili bila adabu inarudi kulima."

Risasi ilikuwa kidogo, basi tulijifunza na bunduki tupu. Somo yake ilikuwa hii. Unaweka miguu mu rangi. Unainua bunduki, unalenga duara. Halafu unafunga macho. Unapumua mara tatu, unaachilia mabega, unaachilia tumbo, hausukumi kitu, hauvuti kitu. Unafungua macho. Kama bunduki ingali ku duara, mwili yako imekubali, na risasi itaenda pale hata ukiwa na usingizi. Kama bunduki imeondoka, njo kusema mwili yako inaangalia fasi ingine, na weye unailazimisha na mikono. Mikono inachoka. Mutu akipiga na mikono, risasi inamukimbia.

"Macho inadanganya, mikono inadanganya," Adjudant anasema. "Mwili haidanganyi."

Alphonsine akifunga macho, akipumua, akifungua, bunduki yake ilikuwa imeenda kushoto. Kila siku. Kila mara. Miaka yote alibeba bassine ya samaki ku nyonga ya kushoto, toka ku mutumbwi mpaka ku soko, na nyonga ilishajifunga vile. Yeye alisimama ku ubao ya tano. Miye nilisimama ku ubao ya ine, kushoto yake. Kwa hiyo bunduki yake ilikuwa inaangalia cible yangu.

"Mama Mahagi," Adjudant anasema, "cible yako haikutoshe? Unatafuta bwana ya jirani?"

Watu wote wanacheka. Miye nacheka wa kwanza.

Lakini akimaliza naye, anakuja kwangu. Alikuwa anaweka kifuniko ya chupa ya bia juu ya bunduki, kule mbele, halafu anasema vuta. Mutu mwenye anavuta polepole, kifuniko inabaki. Yangu ilikuwa inaanguka. Anaokota, anaweka, inaanguka. Ile bega ilikuwa inaruka kabla kidole haijamaliza kuvuta.

"Weye unatwanga," alisema siku moja, sauti ya chini, karibu ya sikio yangu. "Bado unatwanga. Utarudi kutwanga." Akaniagiza nizunguke kiwanja mara kumi, bunduki juu ya kichwa. Alphonsine hakuazibiwa ile siku, lakini alikuja kukimbia pembeni yangu mpaka mwisho, na anapumua vibaya, na ananiambia vumilia dada. Nilitaka kumusukuma mu mufereji.

Kisha miezi mbili na nusu walitupa risasi ya kweli. Tano tano, basi. Tulisimama mu rangi, Adjudant akaita, tukapiga. Risasi yangu moja ilikataa kulia. Adjudant alikuja, akaitoa mwenyewe, akaitia mufukoni. Kwa hiyo nilipiga ine. Na miye mwenyewe niliona mbili zangu zinarusha vumbi chini kabisa ya kilima yenye iko nyuma ya cible, mbali na karatasi. Nilijua nimekwisha.

Pale centre karatasi ya cible haitupwake. Karatasi ni kidogo. Kila mutu anatembea na kopo yenye uji ya muhogo, nzito sawa ile ya kubandika affiche ya kampeni, na vipande vya karatasi. Ukisha kuhesabu matundu yako, unayabandika, ili karatasi itumike tena. Nilifika mbele ya karatasi yangu na kopo mukononi. Nikahesabu. Matundu sita.

Mutu anapiga ine, mbili inaanguka mu udongo, anapata sita. Nikahesabu tena na kidole. Halafu nikaangalia karatasi ya Alphonsine, ile ya tano. Haikuwa na hata tundu moja. Ilikuwa safi kabisa, na yeye alikuwa anaizunguka, anaangalia hata nyuma yake.

Nikaelewa. Na nilielewa haraka kuliko vile nilielewa kitu chochote mu maisha yangu. Nikalowesha vipande vya karatasi, nikafunika matundu mbili. Adjudant akafika, nikamuambia: ine ku ine. Aliangalia karatasi. Aliangalia bega yangu. Akaandika.

Ile jioni walinipa corvée, kazi ya zamu, ya kumupelekea Adjudant maji ya kunawa. Nilimumiminia, nikauliza tu, kama mutu anaulizia hali ya hewa:

"Adjudant, yule Alphonsine ana ugonjwa gani?"

"Hana ugonjwa." Alikuwa anajisugua shingo. "Avute muguu ya kuume nyuma, vidole tatu tu. Vidole tatu, hapana zaidi. Nyonga itafunguka, bunduki itarudi ku duara yenyewe. Yule anavuta kidole muzuri kuwapita wote. Ana mukono wa utulivu sana."

"Sasa hatutamuambia?"

Akaacha kunawa. "Atoke mu rangi? Commission ifike, ikute watu kumi na moja wamenyooka na bibi moja amepinda? Hapana, hapana. Nilichora ile miguu na mukono wangu." Akajipangusa na shati yake, polepole, halafu akaniangalia vile alikuwa ameangalia karatasi yangu. "Na weye, Emérance, hii mambo inakuumiza fasi gani? Naona kama inakusaidia."

Nikachukua bassine ya maji, nikaenda kuimwaga.

Ku Ngezi nilikuta Alphonsine mu kiwanja ya nyumba. Samaki ilikuwa ku mbabula. Yeye alikuwa amesimama juu ya udongo, peku, na ufagio ku bega kama bunduki, anaulenga mupapai ya jirani. Alifunga macho. Akapumua mara tatu. Nikasimama ku mulango ya lupango, ku uzio ya nyumba, nikaangalia miguu yake. Hapakuwa na rangi pale. Muguu ya kuume ilijivuta nyuma yenyewe, kidogo tu, mutu ambaye hajui hangeona. Vidole tatu. Alifungua macho, na ufagio ulikuwa katikati ya mupapai, haukutikisika.

Akacheka kama mutoto. "Emérance, angalia. Hapa mwili inakubali. Juu ya nini kule inakataa?"

Nilikuwa na jibu mu kinywa. Nawaapia lilikuwa limefika ku meno. Ingekuwa maneno matatu. Halafu bega yangu ikaruka, na nikasikia mulio ya kinu, tu tu tu, kama iko mu chumba kingine.

"Unaharibu position," nikamuambia. "Angalia miguu yako imekaa namna gani. Weka vile Adjudant alichora."

Akaangalia chini, akasikia haya. "Ah, kweli." Akarudisha muguu mbele, akafunga macho, akapumua. Ufagio ukaenda kushoto, mpaka ku kamba ya nguo.

Tulikula. Aliniwekea kichwa ya samaki kwa sababu alijua naipenda. Halafu akaniuliza ile nilikuwa naogopa. "Weye uko pembeni yangu. Risasi yangu inaendaka wapi? Uliona vumbi?"

"Inapita juu," nikasema. "Juu kabisa. Miye nawaza ni macho."

"Macho?"

"Macho yako imeharibika. Ile moshi ya samaki, miaka yote. Haukujua?"

Akaweka mukono ku macho, moja, halafu ingine, anapima taa ya jirani. Mutu ukimuambia macho yake ni mubaya, palepale anaanza kuona vibaya. Kesho yake aliuza kitenge yake ya ndoa ku soko, ile super ya bei kali, moja tu alikuwa amebakia nayo, akanunua lunette, miwani ya macho, ku meza ya vitu vya okazio, vya mitumba. Ilikuwa ya mutu mwengine, muzungu muzee labda, yenye kioo nzito na fremu ya rangi ya waridi. Aliivaa mu njia yote ya kurudi na alijikwaa mara tatu. Aliniambia anaanza kuzoea. Alinishukuru.

Adjudant alifurahi sana na ile lunette. Alianza kumuita Professeur. "Professeur, cible iko mbele yako, hapana mu Uganda." Wote wanacheka. Kuelekea mwisho hata Alphonsine alikuwa anacheka.

Commission ilifika siku ya Ijumaa, asubuhi, mvua ya usiku ilikuwa bado mu majani. Walikuwa wakubwa watatu na bwana moja wa foto. Tukapanda ku mbao. Adjudant alipita nyuma yetu na alisukuma kila kisigino mu rangi na ncha ya fimbo. Kwa Alphonsine alisimama. Muguu yake ya kuume ilikuwa imetoka kidogo, yenyewe, vile mwili inajitafutia. Alipiga ile muguu na fimbo, si nguvu, na ikarudi mu rangi. Bwana wa foto akapiga foto. Mustari ilikuwa imenyooka kabisa.

Tukapiga kumi. Miye sikuona kitu. Bega iliruka mara kumi, nilisikia udongo unapasuka chini, nilisikia risasi moja inapiga jiwe. Pembeni yangu Alphonsine alikuwa anapiga polepole, moja, anapumua, moja, anapumua. Hakuna mutu pale alipiga vizuri kama yeye, na lunette yake ya waridi ku pua. Adjudant alikuwa na haki: mukono wa utulivu.

Walituagiza tutie bunduki chini, tuendee karatasi. Commission ilianzia ku cible ya kwanza. Kwangu ilikuwa ya ine. Kwa hiyo nilikuwa na muda wa watu watatu.

Matundu ilikuwa kumi na tatu. Kenda ilikuwa mu duara nyeusi, imekaribiana, ungeweza kuyafunika na kiganja. Zile hazikuwa zangu, hata kichaa angejua. Ya kumi ya Alphonsine ilikuwa pembeni kidogo. Zangu zilikuwa tatu, huku na huku mu weupe, zimetawanyika. Nikalowesha karatasi mu uji ya muhogo. Nikabandika tatu zangu, nikayakandamiza na kidole gumba, nikakausha na mukono wa shati. Nilijifunika mwenyewe, niliacha Alphonsine. Unaweza kucheka kama unataka.

Mukubwa wa commission akafika. Alivua kofia. Akahesabu kwa sauti, mu Kifaransa, na alipofika dix watu waligeuka kuangalia. Halafu akapitisha kidole ku karatasi, pale pembeni, akagusa kipande kimoja kibichi. Kidole ikarudi na uji. Akaangalia kidole yake. Nilishaona kinu, niliona hata mufuko wa mawe pembeni yake. Adjudant Mbuyi alikuwa nyuma yake na aliona vilevile.

"Ni ya mazoezi ya jana, mon commandant," Adjudant akasema. "Na hii mvua, uji haikauke."

Mukubwa akajipangusa ku karatasi yangu. "Dix sur dix," akasema. "Mwanamuke. Muandike jina."

Ku cible ya tano walisimama muda mudogo. Hakukuwa kitu cha kuhesabu. Alphonsine alikuwa amevua lunette, anaipangusa na shati, anaivaa, anaangalia karatasi, anaivua tena. "Zéro," wakasema, wakaendelea kwa sita.

Watu watatu walianguka ile siku. Kwa Alphonsine njo Adjudant alikaza zaidi. Wanaume wawili waliwaacha waende mu chumba kuvua. Yeye alimuambia avue nyuma ya lori, sasa, juu kuko mutu anangojea ile saizi. Nilipelekwa miye kupokea tenue. Alikunja suruali, alikunja shati, alilamba kidole na akafuta alama ya udongo ku kola, ili nisipewe kitu chafu. Alibaki na kikwembe kiunoni na blouse. Akanishika mukono, ule wa kuume, wa bega.

"Ni Mungu alikuweka pembeni yangu," akasema. "Kama si weye singejua macho yangu imeoza. Ningeendelea kujisumbua."

Nilisikia haya. Nasema wazi. Nikamuambia aende muzuri, akanyage polepole ku mawe na ile lunette. Nilimuangalia anashuka njia. Mbele ya kila mufereji anasimama, anatafuta chini na muguu, sawa kipofu. Halafu waliniita kupiga foto.

Kisha mwezi, walitaka bibi wa dix sur dix afundishe wengine. Adjudant Mbuyi alihamishwa Kisangani. Siku ya kuondoka aliniachia fimbo, na kopo ya uji ya muhogo, akaniangalia akicheka na pua. "Monitrice anapigaka pamoja na promotion yake, mbele ya commission," akasema. "Njo amri mupya, wanataka kukuona tena. Ubao ya ine iko yako. Utajua namna ya kufanya."

Nilijua. Si nguvu hata kidogo. Wiki ya kwanza nawapanga wote mu rangi, na bunduki tupu. Nasema: mufunge macho, mupumue mara tatu, muachilie mabega. Wakati wamefunga, natembea nyuma yao polepole na naangalia bunduki zinageuka kwenda wapi. Mu watu kumi na moja, miye wa kumi na mbili, hakukosekanake moja mwenye mwili yake inaenda kushoto. Namupima siku mbili, tatu, naangalia kama ana mukono wa utulivu. Halafu namupatia ubao ya tano. Promotion ya kwanza alikuwa Patricia wa Aru. Ya pili alikuwa Davy, kijana muzuri, alilia. Kila mara commission inaniandikia kenda, ao kumi. Nabandika haraka sana sasa, na uji yangu natia majivu kidogo ili ikauke.

Hii ni promotion ya tatu. Jana Jumatatu niliwapanga. Wakafunga macho. Natembea, natembea, nafika ku ubao ya kenda, namuona binti moja mwembamba, bunduki yake imeenda kushoto bila kutikisika hata kidogo. Nyonga imejifunga. Nilisimama nyuma yake. Ile namna ya kupumua nilikuwa nimeiona zamani.

"Fungua macho. Jina yako?"

"Grâce, Monitrice." Aligeuka, na uso wake wote ukafunguka. "Nilikuwa natafuta namna ya kuwasalimia. Miye ndugu mudogo wa Alphonsine, wa Mahagi. Mulikaa pamoja Ngezi."

Nikamuuliza namna gani Alphonsine, juu ilibidi nimuulize.

"Eko muzima. Anauzisha samaki ku ziwa. Anavaa ile lunette hata leo, kila siku, hata mu nyumba. Kichwa inamuuma sana lakini anasema Monitrice Emérance njo alimufumbulia ugonjwa yake." Akashusha sauti, kama mutoto anatoa siri. "Aliniambia: ukifika kule, usijisumbue na mutu mwingine. Omba wakuweke pembeni ya Emérance. Yeye atakuambia kweli."

Wengine walikuwa wangali wamefunga macho, wanangojea amri. Niliangalia muguu yake ya kuume. Ilikuwa imetoka mu rangi, nyuma, vidole tatu, na yeye hakujua. Nilitaka kumuambia aiache vile. Nitasema hata hii, nilifungua kinywa.

Halafu bega ikaruka.

Nikashika fimbo, nikagusa ile muguu, nikairudisha mu rangi. "Weye hapa si fasi yako," nikamuambia. "Kuja ku ubao ya tano, karibu na miye."

Akasema asante, Monitrice, na akachukua bunduki yake akakuja mbio.